Beseni la maji kwenye baridi ya Julai

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, anayeishi Liège, Ubelgiji, hununua mbegu za alizeti kwa gunia, na wala yeye wala mke wake hawazili. Ni za ndege. Ikifika Januari ananipigia simu ya video, anageuza kamera kuelekea dirishani, halafu mimi niliyeko Lubumbashi, Kongo, katikati ya mvua naambiwa nitazame kijumba cha mbao kilichoning'inia mtini. "Umemwona, mdogo wangu? Yule wa manjano, mwenye mstari mweusi kifuani." Namwona. Wafaransa humwita mezanje. Ana gramu 18 hivi, theluji imejaa chini yake, naye anachukua mbegu moja tu, anarukia tawi, anaibana kwa vidole na kuigonga kwa mdomo mpaka ipasuke, kisha anarudi kuchukua nyingine. Yaya anaweza kukaa hapo mpaka kahawa ipoe.

Zamani nilidhani ni upweke wa uzeeni. Sivyo, kule ni shughuli ya nchi nzima. Mwishoni mwa Januari shirika la Natagora huwaomba watu wa Wallonia na Brussels wahesabu ndege wa bustani zao, na Waingereza wana hesabu kama hiyo tangu 1979: saa moja dirishani, kalamu mkononi, halafu unatuma majibu. Sababu ya kuwalisha nayo ina maana. Desemba usiku wa Liège una urefu wa saa kumi na sita. Ndege mdogo anaingia gizani na mafuta aliyoyapata mchana, anayachoma usiku kucha ili asigande, na alfajiri anaamka akiwa amepungua karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Amebakiwa na mchana wa saa nane kuyarudisha yote, na wadudu hakuna. Ndiyo maana yaya, mbali na alizeti, anatundika mipira ya mafuta iliyochanganywa na nafaka. Ile inayouzwa ndani ya wavu anaivua wavu kwanza, maana miguu ya ndege hunasa.

Sasa shida yangu na yaya ni kwamba anataka na mimi niwe na kijumba. "Na ninyi mna baridi, Julai. Walishe."

Baridi tunayo, simbishi. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, na Juni na Julai asubuhi joto linashuka chini ya digrii 10. Hapa mtaani kwetu Katuba utaona mbabula, jiko la makaa, imewashwa nje saa kumi na mbili, watu wameizunguka, watoto wana kofia za sufu, na mama muuza maandazi anaongea moshi ukimtoka kinywani. Lakini ngoja saa sita mchana. Jua limepiga, ni digrii 25, makoti yote yako kwenye kamba. Na usiku wetu mrefu kuliko wote hauzidi sana saa kumi na mbili. Ndege wa hapa anao mchana mzima wa kutafuta, na majani yaliyokauka yamejaa mbegu tangu Mei. Ukimwagia chenga za mchele watakuja, kwa nini wasije? Watakuja shomoro, tetere, kunguru, na kuku wa jirani mbele yao wote. Utakuwa umelisha kuku.

Kinachokosekana Lubumbashi wakati wa baridi ni maji. Mvua inakatika Aprili na hairudi mpaka Oktoba, pengine Novemba. Madimbwi ya barabarani yanageuka vumbi, mifereji inakauka, umande wa asubuhi unakwisha kabla ya saa tatu. Anayekula mbegu kavu ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu mbegu haina maji ndani, kwa hiyo lazima anywe kila siku. Anayekula wadudu au asali ya maua anapata kinywaji ndani ya chakula. Hilo nimeliona kwa macho yangu: chozi, yule mdogo wa mdomo uliopinda, anashinda kwenye maua ya mishubiri yangu, ambayo huchanua baridi hii hii, na kwenye beseni hafiki ila kwa nadra.

Basi mimi nina beseni. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko barazani na inatazama lupango lote, yaani kiwanja chote cha nyumba, kwa hiyo kazi ya kuchungulia sikuitafuta, ilinikuta nimeketi. Beseni lenyewe ni la plastiki, pana, limepasuka ukingo mmoja, halifai kufulia. Limekaa juu ya matofali matatu, mbali na ua ambako paka hujificha. Maji hayazidi kina cha pingili ya kidole, na katikati kuna jiwe, maana kandege kadogo kanaogopa mahali ambapo hakaoni pa kusimama.

Asubuhi na mapema hakuna anayekunywa. Kuzumburu wanakuwa juu ya mpapai, wamening'inia kama nguo, matumbo yao yameelekea jua. Wamelala usiku wamebanana kundi zima, na sasa wanapasha tumbo joto kabla ya kufanya lolote. Mtu asiyewajua atadhani wagonjwa. Wakishapata moto wanaanza kutoboa mapapai yangu, na hapo huruma yangu inaisha.

Saa tatu ndipo wanaposhuka wale ninaowapenda: wadogo wa bluu, kifua na mkia rangi ya mbingu, mgongo kahawia. Wanakuja wawili wawili, au kundi dogo, wakiitana kwa sauti nyembamba. Pamoja nao wako wengine wa ukubwa ule ule, dume jekundu, jike la rangi ya vumbi lenye doa jekundu karibu na jicho. Wanakunywa kwa kuchota tone, kuinua kichwa, kumeza, kuchota tena. Tetere hafanyi hivyo. Tetere anazamisha mdomo na kuvuta maji moja kwa moja bila kuinua kichwa, anamaliza, anaondoka.

Wengine siwezi kuwataja wote, maana baridi huwafanya wafanane. Madume ya mnana yamepoteza manjano yao, na fumbwe, ambaye wakati wa mvua anaburuta mkia mrefu kuliko mwili wake na kumfukuza kila mtu, sasa hana mkia wala kiburi. Anasimama kwenye foleni na shomoro. Mchana shore anakuja kuoga: kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, kelele nyingi, maji yote nje. Baada yake ni lazima nijaze upya.

Jirani yangu, mama ninayemheshimu na ambaye ni mkubwa kwangu, alikuja kuniuliza kama ninafuga mbu. Swali la haki. Nilimwonyesha: kila asubuhi maji ya jana yanamwagwa kwenye mchicha, beseni linasuguliwa kwa brashi, linakaa juani kidogo, ndipo linajazwa. Yai la mbu linahitaji karibu wiki nzima mpaka mbu aruke, na kwenye baridi hata zaidi. Maji ya kulala siku moja hayazai mbu. Na maji yenyewe ni yale niliyosuuzia mboga, hayana sabuni. Sichukui ndoo ya kisimani kuwapa ndege wakati watu wanapanga foleni. Akaniambia, "Sawa, mama fundi, lakini nitakuwa natazama." Anatazama kweli. Siku hizi ananiambia yeye ndege gani alikuja nikiwa sokoni.

Kusugua si kwa ajili ya mbu tu. Uingereza, tangu 2005, ugonjwa wa vimelea vya kooni umewaua ndege wa kijani wa bustanini kwa wingi mno. Vimelea hivyo tangu zamani ni vya njiwa na jamaa zake, na vinapita kwa maji na chakula kilichoguswa na mate ya mgonjwa. Na mimi wateja wangu wa kudumu ni tetere. Ukiona ndege amejivimbisha manyoya mchana wa jua kali, amekaa tu, hamezi, ondoa beseni, likauke kabisa, lisirudi mpaka baada ya wiki kadhaa. Yaya anafanya vivyo hivyo na kijumba chake. Hapo hatubishani.

Wenye manati ni shauri jingine. Watoto wa mtaa wanajua ndege wanakusanyika wapi, na kandege ka kuchoma ni kitoweo cha kujivunia. Sikuwahubiria. Nilisema tu kwamba anayepiga jiwe ndani ya lupango langu, suruali yake ya shule ikichanika asiniletee. Agosti yote nashona sare, mtaa mzima unapita kwangu, na mama zao walisikia.

Agosti hiyo hiyo moto unaanza porini, moshi unakaa juu ya mji, mwewe wanarudi na kuzunguka penye miali wakiokota panzi na mijusi wanaokimbia. Septemba jakaranda zinachanua. Wakati huo beseni halitoshi, najaza asubuhi na alasiri.

Kisha mvua ya kwanza inapiga, kumbikumbi wanatoka ardhini, watu na ndege wanawagombania, na hakuna tena anayelitazama beseni. Juu ya mabati ya Katuba mbayuwayu wanaanza kupita. Hao ndio wanaotugombanisha na yaya kila mwaka. Anasema ni wake: wamezaliwa kwenye mazizi ya ng'ombe ya Ubelgiji, wanaondoka Septemba, na yeye ametuazima tu mpaka masika ya kwao. Nikamwambia mbayuwayu anafika huku manyoya yamechakaa, na ni huku anakoyabadilisha, unyoya baada ya unyoya, kwa inzi wa huku. Machi anaondoka na mapya. Kwa hiyo mshono ni wetu, wao wanavaa.

Akacheka sana, akaniambia nimtumie bili.