Umeacha njia kwa makusudi, simu inadhani umepotea

Jumamosi iliyopita nilitoka home saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana anayeendesha baiskeli Dodoma anajua, ikifika saa nne upepo ukikukuta usoni unakanyaga pedeli kama unapanda mlima na kumbe uko tambarare kabisa. Safari ilikuwa ya Mvumi kupitia Ntyuka. Njia nilishaichora usiku kwenye apu ya baiskeli, ramani nimeidownlodi yote isitegemee bando, nikaweka na vituo vitatu katikati ili laini ya njia kwenye ramani ipite kule ninakotaka mimi, penye mibuyu mikubwa.

Sasa mbele huko nikakuta barabara imefungwa, wanajenga kalvati, kuna rundo la mawe na kibao cha mshale, mchepuko unaingia kushoto vichakani. Nikaingia bila wasiwasi, bodaboda wote walikuwa wanapita huko. Hapo simu ikaanza: umetoka nje ya njia, geuka nyuma. Mita chache tena, geuka nyuma. Jamani mimi sijapotea! Na hili ndilo nataka watu walielewe, apu inaona kitu kimoja tu, ile doti inayoonyesha ulipo iko mbali na laini, basi. Haina namna ya kujua kama barabara imefungwa au umechepuka kununua maji gengeni au ni kweli umepotea, kwake yote ni sawa.

Baadaye ikanyamaza, ikachora laini mpya. Nikashukuru, nikaifuata, na hapo ndipo nilipokosea. Ile laini mpya haikuwa inanirudisha kwenye njia yangu kwa pale mchepuko unapotokea, ilitafuta tu njia ya kunifikisha kwenye kituo kinachofuata kuanzia pale niliposimama, na kwenye ramani kijinjia chochote kilichochorwa ni njia. Nikaacha matairi ya bodaboda, nikakata kulia, dakika kumi baadaye niko katikati ya korongo, mchanga mtupu, baiskeli naisukuma na tairi linazama. Nikatokea ng'ambo nikasikia fsss. Mbigiri. Nikageuza tairi la mbele nikahesabu kumi na moja, zile kavu zenye pembe, nyingine zimekatikia ndani ya mpira hadi nikazitoa kwa ncha ya kisu moja moja, kwa sababu ukiacha hata moja kiraka chako hakifiki mbali.

Nikiwa nasubiri solusheni ikauke akapita mzee mmoja na ng'ombe zake.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mbona huku, unaelekea wapi?”

“Mvumi babu, simu inaonyesha njia ni hii.”

“Hii ya ng'ombe kwenda majini. Rudi mpaka pale kwenye mbuyu wenye tundu, halafu wewe fuata matairi ya pikipiki, usiyaache.”

Nikarudi, nikayafuata, na baada ya kama kilomita mbili nikatokea barabarani upande wa pili wa kalvati, na laini yangu ya zamani ingekuwa ipo palepale inanisubiri kama nisingeiacha ifutwe.

Kwa hiyo jioni yake nilikaa na setingi mpaka nikaelewa. Apu nyingi za baiskeli zina sehemu ya kuzima ile kupanga njia upya yenyewe ukitoka nje, nyingine zinakupa hadi umbali, kwamba isianze mpaka utoke mita kadhaa. Mimi nikiwa nje ya mji naizima kabisa, nabakiza mlio tu wa kunijulisha. Laini inabaki pale ilipo, mimi nikikuta mchepuko nasimama, nakunja ramani iwe ndogo nione eneo kubwa, naangalia barabara inaelekea wapi na laini iko upande gani, halafu naendesha kwa macho huku doti inaisogelea laini taratibu. Na vituo, hivi ni muhimu sana, kama mchepuko umekurusha kituo ulichoweka kifute hapohapo, usipokifuta apu nyingine itakung'ang'ania urudi ukakiguse hata kama umeshakipita kilomita tano. Kingine, kuna apu ambazo zikipanga upya lazima ziulize mtandao, sasa uko porini hakuna hata kijiti kimoja inabaki inazunguka tu na chaji inakwisha.

Mjini ni tofauti, pale Area C au Majengo iache iwashwe, mitaa imejaa, ukikosa kona moja inakupa nyingine na hakuna korongo la kukumeza.

Lile korongo nimeliingiza OpenStreetMap, ile ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha na apu nyingi za baiskeli zinachota data humo. Kijinjia nimekiandika kuwa ni cha miguu na mchanga, na pale kinapokatiza korongo nimeweka kivuko, yaani mahali maji yanapopita juu ya njia, maana yule mzee kabla hatujaagana alinionyesha kwa fimbo alama ya maji ya masika kwenye kingo, ilikuwa juu ya kiuno changu. Alama ya kivuko yenyewe mpaka sasa sijaiona kwenye simu, ramani niliyoshusha ni ya zamani, inabidi niishushe upya ndiyo itokee.