Land Rover: geji ya temperecha imeacha kudanganya, na senda haikuwa na kosa

Jamani leo mshale umekaa katikati na umetulia, Alhamdulillah. Hii Series IIA yangu ya petroli tangu itoke kupigwa rangi kila nikiwasha mshale unapanda polepole mpaka kwenye nyekundu na unaganda huko huko, wakati rejeta unaishika kwa mkono. Nikiuliza hapa mjini jawabu moja tu, badilisha senda, kile kidude cha kwenye injini kinachopima joto la maji na kuipa habari geji. Senda senda senda! Mie senda nishaichemsha kwenye sufuria na thamomita ubavuni, mita imeshikizwa, omu (ukinzani wa umeme) zinashuka taratibu kila maji yanavyopata moto, haina neno.

Geji nayo nikaifungia rizista ya omu 68 badala ya senda, maana hizi geji za zamani za Smiths hapo mshale husimama katikati. Wapi, ukapita ukaenda zake. (Tafuteni rizista nene ya wati 2, zile nyembamba za redio zinababua vidole.) Ndo nikaitazama geji ya mafuta, tangi nusu yenyewe inasema karibu limejaa. Sasa geji mbili zinadanganya pamoja, tena upande mmoja, na zote zinakula umeme wa stebilaiza moja, hapo senda inaingiaje yakhe?

Stebilaiza ni kikopo kidogo cha bati nyuma ya dashibodi, ndani mna kibati kinapata moto kinakata, kinapoa kinaunga, ili geji zipate wastani wa volti 10. Lakini kisipopata ethi (njia ya umeme kurudi betrini) kupitia bodi yake hakipati moto, kwa hiyo hakikati, volti zote za betri zinapita moja kwa moja na injini ikichaji ndo 14. Na fundi rangi kapuliza kijani mpaka ndani ya tundu la skrubu inayokishika kikopo! Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikavuta na waya wa ethi mpya, maana kwa chumvi ya huku kwetu siamini tena skrubu peke yake.

Kupima umeme unaotoka kwenye stebilaiza msihangaike na mita ya dijitali, namba zinaruka ruka hujui ushike ipi. Balbu ndogo na waya mbili inatosha, ikipepesa kibati kizima. Yangu ikapepesa kidogo halafu ikawaka moja kwa moja, kumbe na vile vidoa vya kuungia vishaungua vinanata. Basi nikakifungua kikopo nikatoa matumbo yote, nikatia 7810 (kidude cha elektroniki kinachotoa volti 10 sawasawa) na kapasita mbili kutoka kwa fundi redio wa Darajani, mgongo wake nimeubana na bati lenyewe ndo ethi na ndo la kupozea. Kwa nje kikopo ni kile kile. Wenye gari ambazo chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, hii haiwahusu, mtaiunguza.

Nimekwenda Chwaka na kurudi, nikaingia foleni ya mchana kusudi, ukapanda kidogo, gari ilipotembea ukashuka. Raha!

Nilikuwa nimalizie waya za taa za dashibodi, lakini kwenye chuma chakavu nimeona feni ya umeme ya Corolla inakaribia kuenea mbele ya rejeta, basi tangu juzi napima hiyo tu, na usiku geji yenyewe siioni, naimulika kwa simu.