Pauni 25 kunyonya choo, halafu naulizwa mwenye boti yuko wapi

Jana nimelipa pauni 25 kunyonya choo cha boti ninayoishi huku Uingereza. Sijakosea kuandika, ishirini na tano, zipige kwa hela ya kwetu mwenyewe. Tanga hapo gari la majitaka linakuja mpaka mlangoni, vijana wanashusha mpira, wanamaliza shimo la nyumba nzima ya wapangaji. Hapa ni katanki kadogo kako chini ya kitanda changu, boti nimeipeleka mimi mpaka kwenye pampu, mpira nimeshika mimi, jamaa kakaa dirishani na mashine yake ya kadi.

Na kabla sijalipa ananiuliza, mwenye boti yuko wapi? Nikamwambia unamwona hapa. Eti aah, nilidhani umekodi ya likizo. Mimi mtoto wa Bweni, ng'ambo ya Pangani, babu yangu kafa nahodha, nimefunga kamba za mashua kabla sijajua kuandika jina langu, leo niulizwe hivyo na mtu ambaye maji anayoyajua ni ya mfereji wa kuchimbwa wa kupitishia boti, tena ukitumbukia humo sehemu nyingi yanaishia kiunoni, unasimama tu unatoka. Nilinyamaza, hasira nikaimalizia kwenye fundo.

Kwa wasiojua, mimi naishi kwenye hizi boti nyembamba za chuma, nipo kwenye mfereji unaoitwa Grand Union, pande za kijiji cha Braunston. Upana ni mita 2 na kidogo basi, kwa sababu malango mengi ya zamani huku, yale ya kupandishia na kushushia boti kwa maji, yalijengwa upana wa futi 7, ndani ni behewa la treni, mkipishana na mgeni mmoja lazima agande ukutani. Nilihamia kwa ajili ya kodi. Chumba kimoja mjini, jiko la kushea, bafu la kushea, nusu ya mshahara wa kulea wazee inaondoka kila mwezi, nikasema hapana.

Sasa nyie mnaoangalia video Yutubu mnaniandikia "kaka unaishi bure juu ya maji" naomba mnisikilize. Leseni ya mfereji inapita pauni 1,000 kwa mwaka. Bima juu. Cheti cha usalama wa boti kila baada ya miaka 4. Na kama hujalipia sehemu ya kudumu ya kufunga boti, sheria ya 1995 inasema usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, lazima usogee, na kusogea sio kwenda mbele mita mia halafu urudi, wakaguzi wa mfereji wanapita wanaandika namba za boti. Gati zuri lenye duka na basi karibu ndo kabisa, kibao kinasema masaa 48. Yaani ukishajua mkate unauzwa wapi, ondoka.

Kwa hiyo maisha yote ni kuuliza vitu viko wapi. Bomba la maji liko wapi, pa kutupa taka wapi, pa kumwaga choo wapi, pa kugeuzia boti wapi maana haigeuki kila mahali. Na wenyeji hawakuelekezi kwa jina la mtaa, wanakupa namba ya daraja, kila daraja lina kibao chake. Ufunguo mmoja unafungua mabomba na vyoo vya shirika linalosimamia mifereji karibu nchi nzima, hicho nawapa heko, na maji yenyewe yamo ndani ya leseni. Ndo maana nawaambia, ukinunua boti chukua yenye choo cha kaseti, kile chenye tanki la kuchomoa, unalibeba mwenyewe kwenda kumwaga bure. Kinanuka, ndiyo. Bure pia.

Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Jioni hiyohiyo mama mmoja mzee wa boti ya nyuma yangu kaja na mbwa wake, hakuniuliza natoka wapi, kaniambia bomba la hapa linatoa maji kidogokidogo kama linadaiwa, nenda la mbele ya daraja linalofuata, na usiwashe injini baada ya saa 2 usiku kuna mtu atakupigia kelele. Halafu kaniachia mfuko wa makaa ya jiko juu ya paa, nimeukuta asubuhi. Bei ya makaa baridi ikianza mnaijua nyie mlioko huku.

Na wanaotaka kuja: ile njia ya viza ya kulea wazee imefungwa kwa waombaji wa nje tangu Julai 2025, anayekuomba hela leo akupeleke kwa njia hiyo ni tapeli, hata kama ni shemeji yako. Mlioko huku tayari kwa viza ya kazi, kabla hujakimbilia boti fikiria anwani. Mwajiri anataka kujua unaishi wapi, benki inataka, daktari ndo hana neno sana, anakuandikisha bila barua ya nyumba. Barua zangu zinaenda kwa binamu Leicester. Anazifungua zote, ndo maana bei ya leseni ilijulikana Pangani kabla mimi mwenyewe sijaisoma.