Maili 112, siku nne, na bandari ninazoomba tusiziingie

Meza yangu ya kulia imefunikwa na ramani ya bahari tangu juzi. Juu yake kuna penseli mbili, kifutio, bikari, jedwali la maji kujaa na kupwa, na daftari lenye madoa ya chumvi. Wiki ijayo, hewa ikiturehemu, mimi na shemeji yangu tunang'oa nanga kwa safari ya siku nne kando ya pwani, kwa mashua ya tanga yenye urefu wa mita 6.8. Siku ya kwanza maili 26, ya pili 34, ya tatu 22, ya nne 30. Kila usiku tutalala tumetia nanga.

Kuchora mistari hiyo minne hakukunichukua hata nusu saa. Kilichokula siku mbili nzima ni kutafuta mahali pa kugeukia mambo yakiharibika. Kila mwaka kazi hii inanichukua muda mrefu zaidi, nami sijuti.

Mwaka jana, siku ya tatu ya safari kama hii, tulikuwa na maili 31 mbele yetu. Nilipiga hesabu ya noti 4, yaani maili nne za baharini kwa saa, nikapata chini ya saa nane. Tukaondoka saa moja asubuhi nikiamini kwamba saa tisa alasiri tutakuwa tunakunja matanga bandarini. Saa tano na robo upepo ukageuka, ukawa wa mbisho. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani upande upepo unakotoka. Letu linakwenda, lakini kwa kupiga bisho kulia na kushoto, na kila maili ya kwenye ramani inakuwa karibu maili moja na nusu ya majini. Zilibaki maili 14, zikawa 20. Mawimbi yakapunguza mwendo hadi noti 3, na mara nyingine chini ya hapo. Tulifika kwenye mlango wa bandari saa mbili usiku, maji yanatoka kwa nguvu na kukutana uso kwa uso na mawimbi ya bahari kuu.

Nakumbuka namba za kipima kina: 2.1, kisha 1.6, kisha 1.4. Mkuku wetu unazama mita 1.1. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlingoti, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine tochi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, mbele ni mapovu matupu." Nikasukuma kana, yaani mkono wa usukani, tukageuka, tukarudi nje kwenye maji marefu. Tulikesha huko tukienda na kurudi mpaka alfajiri, tumelowa, tunapokezana usukani kila saa moja kwa sababu hakuna aliyeweza zaidi ya hapo.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba saa kumi alasiri tulipita ghuba iliyokuwa maili moja tu upande wetu wa demani, yaani upande upepo unakoelekea. Tuliiona sote wawili. Maji ndani yake yalikuwa yametulia. Hatukuingia kwa sababu haikuwa kwenye mpango, na mtu aliyechoka hatungi mpango mpya, anafuata ulioandikwa. Ndiyo maana sasa ghuba kama ile naiandika nikiwa nimekaa kitini, nimeshiba na nimelala, pamoja na kina chake, upepo unaoifaa na usioifaa, na saa ambayo nikiwa sijavuka alama fulani lazima niigeukie. Nikishaandika saa hiyo, baharini hatuijadili.

Mlango ule ule tunaurudia safari hii, siku ya nne. Hesabu yake nimeifanya mara tatu. Ramani inaonyesha mita 0.6 kwenye kizingiti cha mchanga, na namba hiyo inapimwa kutoka usawa wa maji yaliyokupwa kabisa, kwa hiyo juu yake unaongeza kimo cha maji cha saa unayopita. Mkuku unataka mita 1.1. Nataka nusu mita ya akiba chini yake. Kisha kuna jambo ambalo miaka mingi nililisahau: wimbi la mita moja linapopita, bonde lake linakushusha nusu mita chini ya usawa uliouhesabu. Jumla ni mita 2.1, maana yake nahitaji mita 1.5 za maji kutoka kwenye jedwali.

Siku hiyo maji yatakupwa saa saba mchana yakiwa mita 0.9, na yatajaa hadi mita 2.3. Tofauti ni mita 1.4. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanapanda sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Hapo unaona kwamba mita 1.5 haipatikani mpaka zipite karibu saa tatu, yaani saa kumi jioni. Giza linaanza saa kumi na mbili na nusu. Basi lango langu liko wazi kwa saa mbili na nusu tu, maji yakiwa yanaingia, na kila kitu cha siku ya nne kinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Maili 30 kwa noti 4 ni saa saba na nusu, hivyo tung'oe nanga kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa sita mchana hatujavuka maili 14, tunageukia ile ghuba. Sentensi hiyo nimeipigia mstari mara mbili.

Tarehe nimezichagua kwa kuangalia mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na mikondo yake ni mikali. Mimi nimechukua maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ambayo hufuata nusu mwezi. Siku ya pili tunazunguka rasi ambayo hata kwa maji mafu mkondo wake unafika noti 2. Mashua inayokwenda noti 4 ikipata mkondo nyuma inakwenda 6, ikiupata mbele inakwenda 2. Maili sita za rasi ile ni saa moja au saa tatu, na tofauti ni saa uliyong'oa nanga tu. Zaidi ya muda, upepo ukivuma kinyume cha mkondo mawimbi yanakuwa mafupi na wima kama ukuta, na kwa chombo kidogo hilo ni baya kuliko upepo wenyewe. Na kwa kuwa maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, nimeandika hesabu hizi upya kwa ajili ya kuchelewa siku moja, na tena kwa siku mbili. Likizo tumechukua siku nane kwa safari ya siku nne.

Utabiri wa hali ya hewa nautazama asubuhi na jioni kuanzia siku tano kabla, si kwa sababu ule wa siku ya tano ni wa kutegemewa, bali nione kama unabadilika-badilika. Ukibadilika kila siku, hata watabiri hawana uhakika. Upepo unaotajwa ni wa wastani, na vishindo vyake huzidi hapo sana. Kimo cha mawimbi nacho ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo makubwa zaidi. Mara moja moja huja wimbi la karibu mara mbili yake. Tena nguvu ya upepo kwenye tanga haiongezeki sawa na mwendo wake: ukitoka noti 10 kwenda 20, msukumo unakuwa mara nne. Sisi tunakunja tanga mkunjo wa kwanza kwenye noti 14, na utabiri ukifika noti 20 hatuondoki.

Maji ya kunywa, lita nne kwa mtu kwa siku, kwa siku nane. Nanga ina mnyororo mita 10 na kamba mita 50. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, imejaribiwa, na betri ya akiba imejaa.

Dada yangu ndiye mtu wetu wa nchi kavu. Jana jioni nilimpelekea karatasi moja: rangi ya mashua na ya matanga, majina yetu, kila mahali pa kulala, kila ghuba ya kukimbilia, na namba ya waokoaji. Akaisoma yote, kisha akauliza, "Usipopiga simu jioni, mdogo wangu, mimi nisubiri mpaka lini?"

Nikamwambia labda asubiri asubuhi yake.

"Labda siitaki. Niandikie saa."

Alikuwa amesema kweli. Swali lile nilikuwa nimejiuliza kwa mashua na kwa maji, sikujiuliza kwa ajili yake, yeye atakayekuwa ameketi na simu mkononi. Tukakubaliana: kila jioni napiga kabla ya saa mbili usiku. Nisipopiga, ananitafuta mara mbili, kisha saa nne usiku anawapigia waokoaji bila kumwomba mtu ruhusa. Nikachukua kalamu nikaandika "saa nne usiku" juu kabisa ya karatasi, akaikunja akaiweka kwenye mkoba wake.

Leo usiku kuna hesabu moja imebaki, kina cha ghuba ya siku ya tatu. Ramani mbili nilizonazo zinatofautiana kwa nusu mita, nami nitafuata ile yenye maji machache.