Matone yanafika wapi? Siku moja kliniki, Tanga

Saa kumi na mbili asubuhi natoka Mwanzange kwa baiskeli. Saa moja, kabla sijasalimiana na mtu, nafungua jokofu la chanjo: nyuzi 5. Linatakiwa likae kati ya 2 na 8, na usiku umeme ulikatika, kwa hiyo nashusha pumzi. Natazama alama ya joto kwenye vichupa vya polio: mraba ulio ndani ya duara bado ni mweupe. Ukishafanana rangi na duara, kichupa hicho hatumpi mtoto.

Saa tatu benchi limejaa. Bibi mmoja wa Tongoni kaleta mjukuu wa wiki 6. Sindano hazikumsumbua, ila chanjo ya rota, kirusi kinacholeta kuhara kwa watoto, ilimtia shaka. "Mwanangu, haya maji ya kumnywesha yanafika wapi?"

Swali hilo nalipenda mno. Nikamwambia, bibi, yanafika kulekule adui anakopitia. Virusi vilivyodhoofishwa hushuka hadi utumbo mwembamba. Humo mna mikusanyiko ya seli za kinga, viraka vya Peyer, vilivyopewa jina la Mswisi aliyevieleza mwaka 1677. Juu yake zimekaa seli M, zinazodaka kinachopita na kukiingiza ndani. Huko seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hufundwa, hupita kwenye tezi, huingia kwenye damu, halafu hurudi utumboni. Njia ya kwao zinaijua. Zikifika hutoa IgA, aina ya kingamwili inayomwagwa kwenye ute ili inase virusi kabla havijagusa ukuta.

"Kumbe hawa askari wa bandarini," akasema bibi, akamfungua mtoto mdomo mwenyewe.

Saa sita watu wamepungua. Kuna jambo linaniuma. Katika utafiti uliochapishwa 2010, chanjo hii ilizuia kuhara kukali kwa rota kwa takriban asilimia 77 Afrika Kusini, lakini Malawi ni 49 tu. Kingamwili za mama huweza kuizima, na utumbo uliochoshwa na uchafu wa kila siku haujifunzi vizuri. Ndiyo maana sichoki kusema habari za choo, maji ya kuchemsha, ORS na zinki. Na hata hiyo 49, kwa wodi niliyoiona kabla ya chanjo kuanza nchini 2013, ni watoto wengi sana.

Saa tisa nafunga hesabu. Mama anaingia mbio, daladala ilimchelewesha. Mwanawe ana wiki 10, dozi ya pili. Nafungua tena jokofu. Mtoto akakunja uso, akalamba midomo, akameza.