Mchicha wa Coventry

Februari 2023 niliingia dukani hapa Coventry, Uingereza, nikakuta rafu ya nyanya tupu, na tangazo kwamba mteja mmoja asichukue zaidi ya pakiti tatu. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imeharibu mavuno Hispania na Morocco, na wakulima wa Uingereza na Uholanzi wenye vitalu nyumba walikuwa wameshindwa na gharama ya kuvipasha joto. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Nimekua nikiyaona malori ya kabichi, karoti na nyanya yakiteremka milimani kwenda Dar es Salaam. Nilisimama mbele ya ile rafu nikakumbuka mbali sana.

Ulikuwa mwaka mgumu. Ghalani ninakofanya kazi zamu zilipunguzwa kutoka tano hadi tatu kwa wiki. Umeme tunanunua kwanza ndipo tutumie, kama LUKU ya nyumbani, na hela ilikuwa ikiyeyuka humo. Kufikia Machi bei ya vyakula nchini humu ilikuwa imepanda zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja. Hatukulala njaa, namshukuru Mungu. Kilichoniumiza ni kwamba niliacha kukaribisha watu. Mtu akipiga simu kusema yuko karibu, natafuta udhuru. Mama yangu hajawahi kumwacha mgeni aondoke kwake bila hata fungu la mboga, na mimi nilikuwa nazima taa ya sebuleni mapema.

Lakini kiwanja nilikuwa nacho. Hapa kuna sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri kutenga ardhi ya bustani pale wakazi wanapoihitaji. Nilijiandikisha wakati wa Korona, nikasubiri karibu miaka miwili, nikapewa nusu kiwanja, kama mita za mraba 125, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Mwaka wa kwanza nilisia mchicha Aprili, kwa hesabu ya masika ya kwetu. Sakitu ya Mei, ile baridi ya kugandisha umande, ikaumaliza kwa usiku mmoja.

Walionifundisha ni majirani wa pale bustanini. Mzee mmoja wa Bangladesh, ambaye mumunye zake zinaning'inia kwenye kichanja utadhani uko Muheza, alinipa mbegu za mchicha mwekundu akaniambia nisiziguse mpaka Juni, udongo upate joto. (Mbegu za kutoka nyumbani msibebe kwenye begi, jamani, zinatakiwa cheti cha afya ya mimea.) Mzee mwingine, Mwingereza aliyezaliwa wakati wa vita, alinionyesha kuwatega koa kwa kikombe cha bia kilichofukiwa hadi mdomoni. Yeye anakumbuka chakula kikigawiwa kwa vibali hadi mwaka 1954, na mama yake akilima viazi nyuma ya nyumba. Nilipomweleza habari za zamu zangu hakunipa pole. Alinipa miche kumi na miwili ya sukuma wiki.

Kiangazi kile cha 2023 ndicho kilichonirudishia uso. Mchicha ulitoka Juni, na wiki ya tano nikaanza kuchuma. Mama aliuona kwa video akanikataza kung'oa: "Kata ncha mwanangu, uache shina lichipue." Kisha yakaja majani ya maboga. Wenzangu pale wanalima maboga kwa ajili ya boga lenyewe, majani wanayaacha. Nikaomba, wakaniruhusu kwa mshangao. Unachuma machanga, unamenya zile nyuzi za kikonyo, unakatakata, unayachemsha kidogo, kitunguu, nyanya ya kwako mwenyewe, tui la kopo, karanga za kutwanga. Mwanangu aliyezaliwa hapa, ambaye mboga za majani tulikuwa tunambembeleza, alifuta sahani kwa tonge la mwisho.

Nikaanza kufunga mafungu kama ya sokoni, nikiyakaza kwa uzi. Moja kwa mama wa Kenya tunayesali naye, moja kwa kijana mwenzangu wa kazini. Mama wa Kikongo wa ghorofa ya chini alipofungua mlango alipaza sauti, "Lengalenga!", yaani mchicha kwa lugha ya kwao, akalinusa lile fungu kabla hata hajanisalimu. Kesho yake mtoto wake alileta bakuli la samaki.

Sasa ni Januari na kiwanja kimelala, isipokuwa ile sukuma. Baridi huifanya igeuze wanga wake kuwa sukari ili isigande, ndiyo maana ya sasa ni tamu kuliko ya Julai. Jumamosi iliyopita simu iliita: rafiki na mkewe, wako njiani kutoka Leicester, watapita kusalimia tu. Nikawaambia waje, na wasile mahali. Nikavaa mabuti ya mpira, nikachukua kisu, nikaenda kuchuma.