Tairi la nyuma la 130

Alfajiri pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, lami huwa imelowa hata kama mvua haijanyesha wiki nzima. Ni maji ya samaki. Gari la sangara likisimama getini, barafu inayeyuka na kuchuruzika, na maji yale yana mafuta ndani yake. Ukikanyaga na viatu unayasikia yanavyoteleza. Mimi ni karani wa mizani, naingia kazini saa kumi na moja nikitokea Igoma, kwa hiyo hapo napita kila siku ya kazi.

Pikipiki yangu ni Kawasaki Ninja 250 ya mwaka 2010, ile ya silinda mbili. Nimeipata kwa kudunduliza miaka minne na ninaipenda sana. Tairi la nyuma lilipokwisha kashata, vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami, nilikwenda kwa muuza tairi za mtumba, akanitolea moja nene, limeandikwa 150/60-17, yaani upana wa milimita 150. Akasema litaijazia mashine mwili, itaonekana kubwa. Nilipoliweka pembeni ya lile langu la 130 nikakubali bila kuuliza. Nilinunua kwa macho.

Siku ya tisa nikiingia getini, mwendo wa mtu anayetembea haraka, nililaza pikipiki kidogo tu kukata kona, nyuma ikachomoka. Nikalala nayo upande wa kulia. Vijana wa barafu walikuja mbio wakaninyanyua, mmoja akasema, “Pole mkubwa, hapo hata sisi tunaanguka na matoroli.” Goti lilichubuka hadi damu, kikanyagio cha breki kikapinda. Ilikuwa rahisi kuyalaumu maji ya samaki na kuishia hapo. Lakini maji yale nilikuwa nayapita kila siku na lile la 130 wala sijawahi kuyumba.

Jioni ile nililichunguza tairi kwa tochi, na ndipo nilipoona nilichopaswa kukiona dukani. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu lilisomeka 3813, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2013. Kashata zilikuwa bado ndefu, ndiyo maana lilinidanganya, ila nilipobonyeza ukucha haukuacha alama yoyote. Chini ya kashata, kule mifereji inakoanzia, kulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. Mpira ule ulikuwa umekauka ukawa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa.

La pili ni rimu. Rimu ya nyuma ya Ninja 250 ya miaka ile ina upana wa inchi 3.5. Tairi la 150 kwa kawaida hutengenezwa likae kwenye rimu ya inchi 4 au zaidi kidogo. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, mbavu zake zinavutwa ndani na juu linachongoka kama mgongo wa sato. Kwa hiyo umelipia upana ambao haugusi chini. Pikipiki nayo inakuwa nzito kuilaza, halafu ikishaanza kulala inadondoka ghafla upande mmoja.

Sikutaka kuamini maneno matupu, nikaomba chaki kwa binti yangu. Nikachora mstari mnene juu ya tairi, kutoka ukingo huu hadi ule, nikaenda nao moja kwa moja barabara kuu hadi Kisesa. Nilipofika nikashuka kutazama: chaki ilikuwa imefutika katikati tu, upana wa vidole viwili. Pande zote mbili ilikuwa nyeupe vilevile kama nilivyoichora. Nilisimama pale nikilitazama kwa muda mrefu.

Kupata tairi sahihi Mwanza kulinisumbua. Maduka mengi yanahudumia bodaboda, na tairi zao ni 2.75-17 na 3.00-17. Muuzaji mmoja alinishikia la 3.00 akaniambia, “Kaka, 17 ni 17, hili litaingia.” Kweli 17 ni ileile, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Lakini ile 3.00 ni upana wa inchi tatu, kama milimita 76, na mimi natafuta milimita 130. Hata uzito linaobeba ni mwingine. La Ninja la nyuma lina namba 62, maana yake kilo 265, na la mbele 54, kilo 212. Ukiwa unambeba mke na mzigo wa sokoni, namba hizo si mapambo.

Kuna watu walinishauri nitafute tairi laini la mashindano. Nawaheshimu, ila hapa sikubaliani nao. Tairi la mbio linataka joto ndipo lishike, na pikipiki ya kilo 169 na injini ya cc 250, inayotoka Igoma gizani kwa mwendo wa mjini, hailipashi. Litabaki baridi hadi Kirumba. Mimi nahitaji tairi linaloshika likiwa baridi, tena kwenye maji. Kwa vipimo vya 110/70-17 mbele na 130/70-17 nyuma nilikuta chaguo za kweli tatu: Pirelli Sport Demon, Michelin Pilot Street na Bridgestone Battlax BT46. Nikachukua BT46, kwa sababu mpira wake wa nyuma umechanganywa silika, unga wa madini ya mchanga, ili ushike kwenye maji. Zilikuja na basi kutoka Dar, zote mbili, maana kuweka jipya nyuma na kuacha lililochoka mbele sikutaka tena.

Alizifunga mzee mmoja pale Buzuruga. Nilimwamkia “Mwangaluka, baba,” tukaanza vizuri. Alipaka sabuni kwenye midomo ya tairi, akajaza upepo hadi ikalia pwaa, mara mbili, upande huu na ule, akazungusha gurudumu taratibu akihakikisha mstari mwembamba wa ubavuni uko sawa na rimu kote. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwonyesha mishale ya ubavuni, inayoonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi. La mbele linaweza kuonekana kama mifereji yake imegeuka, lakini mshale ndio unaofuatwa. Alitaka kujaza upepo hadi tairi liwe gumu kama la bodaboda ya mizigo. Nikamwomba tuishie psi 28 mbele na 32 nyuma, kama kiwanda kinavyosema, likiwa baridi. Sasa nina geji yangu, napima asubuhi kabla sijawasha.

Kilomita 100 za mwanzo nilikwenda pole, tairi jipya lina utelezi juu yake. Kisha nikarudia chaki, barabara ileile ya Kisesa. Vidole vitatu na nusu. Tairi jembamba zaidi, na linagusa lami zaidi.

Machi mvua zikashuka. Mabatini mchanga wa milimani uliletwa hadi katikati ya lami, nikapita bila nyuma kuyumba. Jumamosi moja nikaenda daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, upepo unapiga ubavuni, na pikipiki ikabaki kwenye mstari wake.

Kuna kijana wa Pasiansi mwenye spoti ndogo anataka kuweka la 160. Nimemwambia asilipe kwanza, aje nyumbani Igoma Jumamosi. Chaki ninayo.